Saratani ya mapafu: kabla ya kuuliza muda, omba karatasi ya kinyama

Barua kuhusu saratani ya mapafu zimetufikia nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: atapona? Tumechagua sita. Majina ya dawa tumeyaacha yalivyoandikwa kwenye maboksi ili mkiyaona mkononi mwa mfamasia myatambue.

Baba yuko hatua ya nne. Amebakiza muda gani?

*Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, alivuta sigara tangu ujana na aliacha miaka minane iliyopita. Amekutwa na saratani kwenye pafu la kulia, na maji yaliyotolewa kifuani yana chembe za saratani. Tumeambiwa ni hatua ya nne. Ndugu wanasema tusimalize pesa, tumrudishe nyumbani. Mimi ndiye mtoto mkubwa. Amebakiza muda gani, na kuna tiba?* (Binti wa mgonjwa, Morogoro)

Marahaba mwanetu, na pole sana. Kwa taarifa ulizotupa hakuna anayeweza kukujibu kwa ukweli, kwa kuwa linakosekana jambo moja kubwa: majibu kamili ya kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa na kupimwa maabara. Chembe zilizopatikana kwenye maji zimesema tu kwamba ni saratani. Hazijasema ni saratani ipi.

Saratani ya mapafu si ugonjwa mmoja. Karibu wagonjwa 85 kati ya 100 wana ile ya seli zisizo ndogo, na 15 waliobaki wana ya seli ndogo, ambayo tiba yake ni tofauti kabisa. Ile ya seli zisizo ndogo nayo ina matawi, makubwa yakiwa adenokasinoma na skwamasi. Mtaalamu wa maabara huyatenganisha kwa kupaka rangi maalumu. Karatasi ikitaja TTF-1 na p40, hivyo ndivyo vipimo vyenyewe. Tofauti hii inabadili matibabu: dawa ya kemo iitwayo pemetrexed, kwa mfano, huwasaidia wenye adenokasinoma, ila kwa wenye skwamasi haitumiki.

Hatua ya nne aliyopewa baba yako ni sahihi hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo, kwa sababu maji ya kifuani yenye chembe za saratani humwingiza mgonjwa moja kwa moja katika hatua ya IVA, ngazi ya kwanza ya hatua ya nne. Katika kumbukumbu za kimataifa za wagonjwa waliogunduliwa kati ya 1999 na 2010, waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa 92 kati ya 100 kwa uvimbe usiozidi sentimita 1 ambao haujafika kwenye matezi, 68 kwa hatua ya IB, 36 kwa IIIA, 26 kwa IIIB na 10 kwa IVA. Kwa IVB, yaani saratani iliyotua sehemu nyingi nje ya kifua, karibu hakuna aliyefika.

Tarakimu hizo zisiwakatishe tamaa mapema. Wagonjwa wale walitibiwa kabla dawa za kinga, zinazoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, hazijaanza kutumika kwa saratani hii. Tangu hapo picha imebadilika, lakini kwa wale tu ambao kinyama chao kimepimwa vizuri. Seli zikionyesha kinasaba cha EGFR kilichobadilika, mgonjwa hutibiwa kwa vidonge. Katika utafiti mkubwa wa osimertinib, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 38. Wenye badiliko la kinasaba cha ALK waliopewa lorlatinib, baada ya miaka 5 ugonjwa wa 60 kati ya 100 ulikuwa bado haujasonga mbele. Na wasio na mabadiliko hayo, lakini seli zao zina kiwango cha PD-L1 (protini inayoificha saratani isionwe na kinga ya mwili) cha asilimia 50 au zaidi, waliopewa dripu ya pembrolizumab kila wiki 3 walikuwa hai 32 kati ya 100 baada ya miaka 5, dhidi ya 16 walioanzishiwa kemo. Karibu hao wote walikuwa hatua ya nne kama baba.

Kama vipimo hivyo havikuonyesha kitu, au dawa hizo hazipatikani, tiba inayobaki ni kemo ya dawa mbili, cisplatin au carboplatin pamoja na nyingine, mizunguko 4 hadi 6 kila siku 21. Kemo haiondoi saratani ya hatua ya nne. Bila tiba yoyote wagonjwa wengi huhesabiwa miezi minne hadi sita. Kemo huwasogeza nusu yao hadi miezi 8 mpaka 12, na mara nyingi hupunguza kikohozi na maumivu. Daktari akitaja miezi namna hiyo, elewa kwamba nusu ya wagonjwa waliishi chini ya hapo na nusu wakavuka, wengine wakavuka mbali.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mashine. Je, baba anatembea, anaoga na kuvaa mwenyewe? Mgonjwa anayekaa kitandani zaidi ya nusu ya mchana kwa kawaida hapewi kemo, maana humdhuru kuliko kumsaidia. Vidonge vya EGFR au ALK vinaweza kujaribiwa hata kwa mgonjwa dhaifu sana, na wapo wanaoinuka kitandani ndani ya wiki chache. Ndiyo maana tunasema kumrudisha baba nyumbani kabla ya kupima ni kufunga mlango usiojua ulikuwa unaelekea wapi.

Wiki hii nenda maabara iliyosoma maji yale, uulize kama wamehifadhi bloku ya nta. Hicho ni kipande kidogo kigumu ambamo seli hutunzwa kwa miaka, na vipimo vya vinasaba hufanyiwa humo. Iombe pamoja na ripoti, mwende nayo kwa rufaa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Familia nyingi hufika na picha za CT peke yake, mgonjwa akalazimika kuchomwa upya. Kama seli hazitoshi, EGFR inaweza kutafutwa kwenye damu. Jibu likiwa ndiyo, liaminini. Likiwa hapana, bado kinyama kinahitajika, kwa kuwa si kila uvimbe hutupa vinasaba vya kutosha kwenye damu.

Dawa za TB mwezi wa tatu, hakuna nafuu

*Mume wangu, miaka 55, anakohoa tangu mwaka jana na makohozi yana damu. Makohozi yalipimwa kwa mashine, TB haikuonekana, lakini eksirei ilikuwa na doa akaanzishiwa dawa za TB. Huu ni mwezi wa tatu, amepungua kilo saba, na sauti imekwama. Tuendelee kusubiri amalize miezi sita?* (Mke wa mgonjwa, Mwanza)

Dada, msisubiri. TB isiyothibitishwa kwenye makohozi inaruhusiwa kutibiwa, na madaktari hufanya hivyo kwa nia njema kwa kuwa TB ni nyingi kwetu na inaua. Lakini mgonjwa wa TB anayemeza dawa vizuri huanza kupata nafuu ndani ya wiki chache: homa hushuka, hamu ya chakula hurudi. Aliyefika miezi miwili akiwa anazidi kukonda anahitaji uchunguzi mpya. Sauti kukwama ndiyo iliyotushtua zaidi katika barua yako, maana mshipa wa fahamu unaoendesha upande wa kushoto wa koo hupita kifuani, na uvimbe au matezi yakiubana sauti hupotea. Kucha kuvimba kama kijiko kilichogeuzwa, uso na shingo kufura asubuhi, au uvimbe mgumu juu ya mfupa wa mtulinga ni dalili nyingine za kutazama leo hii.

Ombeni picha ya CT ya kifua yenye dawa ya kung'arisha, iteremke hadi kwenye ini na tezi zilizo juu ya figo, sehemu ambazo saratani hii hupenda kutua. Baada ya hapo kinyama kichukuliwe pale panapofikika kwa urahisi. Kama kuna tezi shingoni, kianzie hapo: ni kazi ya dakika chache kwa ganzi, na hutoa jina la ugonjwa pamoja na hatua yake kwa mkupuo mmoja. Kama kuna maji kifuani, yapelekwe maabara angalau mililita 50. Uvimbe ulio karibu na njia kuu ya hewa hufikiwa kwa mpira wenye kamera, na ulio pembeni huchomwa kwa sindano huku CT ikiongoza. Hatari ya sindano hiyo ni hewa kuvuja kati ya pafu na ukuta wa kifua, jambo linalompata takriban mtu 1 kati ya 5, na wengi wao hawahitaji kuwekewa mrija. Picha nyingine hupigwa baada ya saa chache kabla ya kuruhusiwa. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu aseme mapema.

Kosa linaloharibu kinyama kuliko yote hutokea baada ya kukitoa. Kinatakiwa kuzama mara moja kwenye formalini ya asilimia 10, angalau mara kumi ya ujazo wake, na kisikae humo zaidi ya siku tatu kabla ya kufanyiwa kazi. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi ya dripu, au kikilala wiki mbili ndani ya formalini kwa sababu nauli ya kukipeleka haijapatikana, seli huharibika na vinasaba havisomeki. Pesa mliyonayo itengeni kwanza kwa safari ya chupa hiyo.

Dawa za TB asiziache kwa uamuzi wenu. TB na saratani vinaweza kukaa kwenye pafu moja, na uamuzi wa kusimamisha uje pamoja na majibu.

Eti saratani ikiguswa na kisu husambaa?

*Nina miaka 58. Wamenikuta na uvimbe wa sentimita 2.5, matezi hayajaguswa. Daktari anataka kukata sehemu ya pafu. Jirani zangu wanasema kisu kikigusa, hewa huingia na ugonjwa unasambaa mwili mzima.* (Msomaji, Moshi)

Si kweli. Imani hiyo ilitokana na wagonjwa waliopasuliwa wakati saratani ilikwisha kusambaa bila kuonekana, wakafariki muda mfupi baadaye, lawama ikaangukia kisu. Uvimbe wako, kwa vipimo hivyo, uko hatua ya IA3, na waliokuwa hapo walikuwa hai 77 kati ya 100 baada ya miaka 5. Nafasi hii ni miongoni mwa zile kubwa zaidi ambazo ugonjwa huu unatoa. Kila mwezi wa kusitasita unaila.

Pafu la kulia lina ndewe, yaani sehemu kuu zinazoligawa, tatu; la kushoto mbili. Upasuaji wa kawaida ni kuondoa ndewe nzima pamoja na matezi yake, siyo kuchimba uvimbe peke yake, kwa kuwa seli hujificha kandokando. Kwa uvimbe usiozidi sentimita 2 ulio pembeni, sehemu ndogo zaidi inatosha. Wako umevuka hapo kidogo. Kwa mpasuaji mzoefu wa kifua, wanaofariki kutokana na kuondolewa ndewe moja ni karibu 2 kati ya 100. Kabla ya hapo utapuliza kwenye mashine ya kupima pumzi, na unaweza kupandishwa ngazi: anayepanda kimo cha zaidi ya mita 22 bila kusimama kwa kawaida anaumudu upasuaji. Kama unavuta sigara, acha leo. Wiki 4 bila moshi hupunguza nimonia na kidonda kuchelewa kupona. Baada ya upasuaji utaamshwa utembee siku ya kwanza na mrija ukiwa ubavuni. Kumbatia mto kifuani unapokohoa, ukohoe kwa nguvu. Anayeogopa kukohoa hujaza makohozi na kupata nimonia.

Ripoti ya kipande kilichotolewa isome nayo. Matezi yakikutwa na saratani, utashauriwa kemo ya mizunguko 4, inayoongeza takriban watu 5 kati ya 100 wanaofikisha miaka 5. EGFR ikiwa imebadilika, osimertinib baada ya upasuaji husaidia zaidi: katika utafiti wa wagonjwa wa hatua ya IB hadi IIIA, walio hai baada ya miaka 5 walikuwa 88 kati ya 100 dhidi ya 78.

Moyo au pumzi zikikukatalia upasuaji, omba mionzi ya nguvu inayolenga uvimbe pekee, iitwayo SBRT, kwa siku 3 hadi 5 tu. Mashine na wataalamu wake hawako kila hospitali yenye mionzi, kwa hiyo uliza kwa jina hilo mahususi.

Seli ndogo

*Kaka yangu ameambiwa ana saratani ya "seli ndogo" na kwamba hafanyiwi upasuaji. Nilidhani ndogo ni afadhali.* (Mdogo wake, Mombasa)

Udogo ni wa seli zinavyoonekana kwenye hadubini. Ugonjwa wenyewe ndio unaokimbia kuliko zote, na karibu wote wanaoupata wamevuta tumbaku. Hukua kwa kasi, kwa hiyo hata CT ikionyesha uvimbe mmoja, mara nyingi seli zimeshatoka, na ndiyo maana kisu hakitumiki isipokuwa kwa wachache sana. Kasi hiyohiyo huifanya inywee haraka kwa kemo: etoposide siku tatu mfululizo na cisplatin siku ya kwanza, kila siku 21, mara nne. Ikiwa imebaki upande mmoja wa kifua, mionzi ianze mapema, ndani ya mzunguko wa kwanza au wa pili, na katika kundi hilo takriban mtu 1 kati ya 4 hufika miaka 5. Ikiwa imesambaa, nusu ya wagonjwa huishi karibu mwaka mmoja hata tiba ya kinga ikiongezwa. Msidanganywe na picha safi baada ya mzunguko wa pili mkaacha. Ugonjwa huu hurudi, na ukirudi kabla ya miezi mitatu huwa sugu. Kwa kaka yako wiki mbili ni muda mrefu: aanze sasa.

Mama anameza gefitinib, na sasa ana TB kweli

*Mama hajawahi kuvuta. Ana adenokasinoma yenye EGFR, anameza gefitinib mwezi wa tano na alikuwa amepona kikohozi. Sasa TB imethibitishwa. Amepewa dawa za TB, na kikohozi kinazidi.* (Mwana, Kisumu)

Piga simu kliniki ya saratani leo, usisubiri tarehe. Rifampicin iliyo ndani ya dawa za TB huliamsha ini livunje vidonge vya aina hii kabla havijafanya kazi. Kwa erlotinib hupotea karibu theluthi mbili ya dawa, kwa osimertinib karibu asilimia 78, na gefitinib nayo hushuka vilevile. Mama anameza kila siku lakini mwilini inabaki kidogo sana. Daktari anaweza kuweka rifabutin mahali pa rifampicin, au kubadili kipimo. Kwa osimertinib, kipimo hupandishwa kutoka miligramu 80 hadi 160 kwa muda wote wa dawa za TB. Mama asiache dawa za TB.

Dawa nyingine zinazofanya hivyo ni efavirenz ya wanaoishi na VVU, na phenytoin na carbamazepine za kifafa, ambazo hupewa wagonjwa ambao saratani imefika kwenye ubongo. Omeprazole ya vidonda vya tumbo nayo huzuia gefitinib na erlotinib kufyonzwa. Mitishamba ya kuchemsha haina kipimo kinachojulikana na hulemea ini ambalo tayari lina kazi, kwa hiyo mwambieni daktari hata kama mna hofu ya kukaripiwa.

Chunusi usoni na kifuani, kuhara, na kucha kuuma pembeni ni dawa inavyofanya kazi, si mzio. Hutulizwa bila kuiacha. Kukosa pumzi ghafla pamoja na kikohozi kikavu ni jambo jingine: hapo kidonge kisimame na aende hospitali siku hiyohiyo.

Homa baada ya kemo, na pumzi usiku

*Mjomba alipata kemo siku kumi zilizopita. Ana homa 38.4, tumempa dawa ya malaria. Usiku hawezi kulala chali, anahema. Mofini tumeandikiwa lakini tunaogopa.* (Wapwa, Dodoma)

Mpelekeni hospitali sasa hivi. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa, na homa ya 38 au zaidi katika siku hizo ni dharura hata kama kipimo cha malaria kimesema ndiyo. Anahitaji hesabu ya damu na antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja ya kufika. Mwambieni wa mapokezi kwa sauti: huyu yuko kwenye kemo. Msimpe paracetamol njiani mkaificha homa.

Pumzi zichunguzwe hukohuko. Huenda maji yamejaa kifuani, na hayo hutolewa kwa sindano, si zaidi ya lita 1.5 kwa mara moja, kwa sababu pafu likifunguka ghafla nalo hujaa maji. Yakirudi, waulizeni kuhusu kugandisha pafu ukutani kwa unga wa talki. Miguu ikilegea au mkojo ukigoma pamoja na maumivu ya mgongo, uti umebanwa, na mionzi inatakiwa ndani ya saa 24. Baada ya hapo miguu mara nyingi hairudi.

Mofini ya maji msiiogope. Kwa kukosa pumzi huanzwa na miligramu 2.5 hadi 5 kila saa nne, na kwa kiasi hicho haisimamishi pumzi wala haimfanyi mtu kuwa teja. Kinachowatesa wengi ni choo kigumu, kwa hiyo bisacodyl aimeze kila usiku tangu siku ya kwanza. Uganda, ambako Hospice Africa imekuwa ikihudumia wagonjwa tangu 1993, mofini hii hutumika majumbani. Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya ugonjwa, isingojee siku za mwisho: huko Boston, katika utafiti wa 2010, wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa walioanza kuipata mapema waliishi miezi 11.6 dhidi ya 8.9 ya wenzao, na huzuni yao ilikuwa ndogo zaidi.

Akirudi nyumbani, mkalisheni ameinama mbele juu ya meza yenye mto, dirisha wazi, feni ndogo ikimpulizia usoni. Upepo mashavuni hutuliza kuhema. Oksijeni haiongezi nafuu kama kipimo cha kidoleni kiko juu ya 90.